Kuomba chuo nje ya nchi ukiwa Mtwara au Lindi: kuanzia majina hadi visa

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka, maswali yanayonifikia ni yale yale. Nianzie wapi? Division two yangu inafaa? Kuna mtu Dar anasema nimpe laki tano anitafutie chuo Uturuki, nimpe? Nimeyaandika majibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili kijana wa Newala au Liwale asikate nauli ya kuja mjini kuulizia jambo ambalo angelimaliza mwenyewe akiwa kwao.

Mwongozo unamhusu zaidi aliyemaliza Kidato cha Sita au stashahada na anatafuta shahada ya kwanza. Wa uzamili nitamgusa njiani. Ukiwa na cheti cha Kidato cha Nne peke yake, vyuo vingi vya nje havitakupokea moja kwa moja kwenye shahada, kwa hiyo maliza kwanza kidato cha sita au stashahada hapa nyumbani, ambako gharama ni ndogo.

Nikuambie mapema ninachokiamini baada ya kuwasindikiza vijana wengi: wanaokosa kwa sababu ya alama ni wachache kuliko wanaokosa kwa sababu karatasi zao hazifanani au tarehe imewapita. Ndiyo maana nitakaa muda mrefu kwenye karatasi na kalenda kabla ya kugusa nchi yoyote.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Cheti cha kuzaliwa cha RITA. Tangazo la kizazi ulilopewa hospitali na kadi ya kliniki havihesabiki.
- Kitambulisho cha NIDA, au angalau namba yake.
- Vyeti au karatasi za matokeo ya NECTA, kidato cha nne na cha sita, pamoja na cheti cha kuhitimu kutoka shuleni.
- Barua pepe yako mwenyewe, yenye majina yako halisi. Anwani kama "mtotowapwani2007" haifai kumwandikia mtu wa udahili.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Wengi wanatumia laini ya mjomba. Siku mjomba akiichukua, namba za uthibitisho zinakwenda kwake.
- Daftari moja la kuandika kila chuo, tarehe ya mwisho, jina la akaunti na nywila. Daftari hilo lisiazimwe.
- Pesa ya kuanzia: pasipoti, skani, nauli ya Dar angalau safari moja, na mtihani wa Kiingereza kama utahitajika.

1. Linganisha majina yako kwenye kila karatasi

Hapa kusini jambo hili linatuumiza kuliko mikoa mingi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, NECTA wanasema Mohamed, NIDA wanasema Muhamadi. Saidi na Said. Hassani na Hassan. Jina la babu lipo kwenye karatasi moja na halipo kwenye nyingine. Sisi tunajua ni mtu yule yule. Ofisa wa udahili aliyekaa Ankara au Beijing hajui, na si kazi yake kukisia.

Ziweke karatasi zote mezani, andika jina lilivyo kwenye kila moja, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Zikifanana, vuka. Zisipofanana, amua karatasi ipi ndiyo mama. Kwa kawaida ni cheti cha NECTA, maana ndicho kigumu zaidi kubadilishwa. Hizo nyingine uzifuate zirekebishwe zifanane nacho: RITA kwa cheti cha kuzaliwa, NIDA kwa kitambulisho. Tofauti ikiwa kubwa, wakili atakuandalia hati ya kiapo, au hati ya kubadili jina inayosajiliwa kisheria. Fanya haya kabla ya pasipoti. Pasipoti ikishatoka na jina lenye kasoro, umeongeza karatasi ya nne kwenye ugomvi.

Kosa la kawaida: kusema "nitalirekebisha nikishapata ofa ya chuo." Ofa ikija unapewa wiki chache, na marekebisho ya jina hayaheshimu wiki zako.

2. Omba pasipoti mapema

Maombi yanaanzia kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Unajaza fomu, unapata namba ya malipo, unalipa, unachapisha, kisha unakwenda nayo ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Mtwara mjini au Lindi mjini, kwa picha na alama za vidole. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Lipa kwa namba ya malipo tu, usimkabidhi mtu fedha mkononi.

Nenda na cheti chako cha kuzaliwa, NIDA, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo cha kuzaliwa kwake. Wazazi wengi wa kwetu walizaliwa nyumbani na hawana cheti, kwa hiyo kiapo hicho kitengenezwe mapema. Kama mzazi wako mmoja alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, tegemea maswali zaidi ya uraia. Jibu kwa ukweli na ubebe kila karatasi ya familia uliyo nayo. Ukiulizwa sababu ya safari, toa tangazo la ufadhili unaouomba au mawasiliano yako na chuo.

3. Chora kalenda, ukianzia mwisho kurudi mwanzo

Mtihani wa Kidato cha Sita unafanyika Mei. Matokeo yanatoka Julai. Vyuo vingi vya nje vinaanza Septemba, na milango yake ilifungwa miezi mingi kabla ya Julai hiyo. Kwa lugha nyepesi: kwa wengi wetu, aliyemaliza Mei mwaka huu ataondoka Septemba mwaka ujao. Huo mwaka wa katikati si wa bure, ndio mwaka wa kazi hii. Na katikati yake omba pia chuo cha ndani, dirisha la udahili likifunguliwa. Kuomba Dodoma au Dar hakumzuii mtu kuomba Istanbul.

Kumbuka na JKT. Wanaoitwa kwa mujibu wa sheria huenda kambini muda mfupi baada ya mtihani, na huko simu haikai mkononi mwako. Karatasi za hatua ya 1 na ya 2 zikamilike kabla ya Mei, au mkabidhi mzazi aliye makini nakala azifuatilie.

Tarehe za kuandika kwenye daftari:

- Uingereza: maombi hupitia UCAS, mfumo wao wa pamoja wa kuombea vyuo. Oxford, Cambridge na kozi za udaktari hufungwa 15 Oktoba. Kozi nyingine nyingi hufungwa Januari. Unaruhusiwa kuchagua kozi tano.
- Uturuki: ufadhili wa serikali yao, Türkiye Bursları, kwa miaka mingi umekuwa ukifunguliwa 10 Januari na kufungwa 20 Februari.
- China: ufadhili wa serikali huombwa kati ya mwisho wa mwaka na majira ya Machi au Aprili, kutegemea chuo na njia unayopitia.
- Ujerumani: kwa muhula wa baridi, vyuo vingi hufunga 15 Julai, lakini ukitaka visa kwa wakati usisubiri Julai.
- Marekani: 1 Novemba kwa wanaowahi na mwanzoni mwa Januari kwa wengine. Masharti ya visa za Marekani kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika, hivyo soma tovuti ya ubalozi wao kabla ya kulipa dola yoyote.
- Uzamili Uingereza kwa Chevening, ufadhili wa serikali yao: hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Wanataka uwe na miaka miwili ya kazi, na baada ya masomo urudi nyumbani angalau miaka miwili.

Sasa saa. Tarehe ya mwisho ina saa, na saa hiyo ni ya kwao. Uturuki saa zao ni sawa na zetu, kwa hiyo 23:59 yao ni saa sita kasoro dakika moja usiku kwetu. Beijing wametutangulia saa tano: 23:59 yao inakukuta hapa saa moja kasoro dakika moja jioni, jua limezama sasa hivi. UCAS hufunga 18:00 ya Uingereza, ambayo mwezi Januari ni saa tatu usiku kwetu. Andika saa ya Kiswahili pembeni ya kila tarehe.

Na usiipeleke kazi kwenye siku ya mwisho. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar kule Somanga na magari yakakwama. Siku chache baadaye, 12 Mei, nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikalegea Afrika Mashariki nzima. Aliyekuwa ametuma maombi wiki moja kabla hakuhisi chochote. Jiwekee tarehe yako mwenyewe, siku 10 kabla ya tarehe yao.

4. Chagua nchi kwa kutazama pesa kwanza

Najua wengi wanaanza na jina la nchi. Anza na swali hili, mkiwa nyumbani na mzee na mama: kwa mwaka familia inaweza kutoa kiasi gani bila kuuza shamba? Jibu likiwa "nauli na ada ya maombi tu," wewe ni wa ufadhili kamili, na daftari lako lijae ufadhili kamili. Usijidanganye na "ufadhili wa nusu" wa chuo chenye ada ya dola elfu ishirini. Nusu inayobaki bado haina mlipaji.

Ufadhili kamili ambao vijana wetu wanaweza kuuomba wenyewe, bila kumlipa mtu:

Türkiye Bursları unalipia ada, hosteli, bima, posho ya kila mwezi, mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, na tiketi ya kwenda na ya kurudi mara moja. Kwa shahada ya kwanza uwe chini ya miaka 21 na wastani wa angalau 70 kwa mia. Kwa tiba, meno na famasia ni 90. Kuomba ni bure kabisa.

Wa serikali ya China unalipia ada, malazi, posho na bima. Tiketi ya ndege kwa kawaida ni juu yako. Shahada ya kwanza mara nyingi inafundishwa kwa Kichina, ukianza na mwaka wa lugha. Urusi nao wana nafasi za serikali zisizo na ada, posho yake ni ndogo, nauli na bima unajilipia, na lugha ni Kirusi. Usiombe huko kama hauko tayari kwa mwaka mzima wa lugha, maana huo mwaka ndio unaowarudisha watu nyumbani.

India wana ufadhili wa ICCR, baraza lao la uhusiano wa kitamaduni. Mauritius wana ufadhili wao kwa Waafrika. Kwa wenye ufaulu mzuri na familia zisizo na uwezo, Mastercard Foundation inafadhili wanafunzi kwenye vyuo kadhaa, kimojawapo Ashesi cha Ghana. Fuatilia pia matangazo ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, kwa sababu nafasi za makubaliano baina ya serikali hupita kwao, na nyingine hutaka utume maombi sehemu mbili: wizarani na kwenye mfumo wa nchi husika. Aliyetuma sehemu moja tu huwa hajaomba.

Familia yenye uwezo wa kuchangia iitazame Ujerumani. Vyuo vya umma vingi havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linatoza wageni euro 1,500 kwa muhula. Lakini ili upate visa unatakiwa uweke euro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo utakuwa ukichota euro 992 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 30 mezani kwa mpigo. Watu husikia "bure" wakaishia hapo, hesabu ya visa inawakuta hawajajiandaa.

Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, umelenga hasa wanaosoma vyuo vya ndani. Usijenge mpango wako juu yake.

5. Hakiki chuo na kozi kabla ya kulipa senti

Fungua tovuti ya chuo chenyewe. Kiangalie kwenye orodha ya wizara ya elimu ya nchi hiyo. Kisha waulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama shahada yake itatambuliwa ukirudi. Ndio watakaoipima siku hiyo, na watataka kuona ulikuwa na sifa gani ulipoingia. Uliza kwa maandishi na jibu ulitunze.

Kwa udaktari, uuguzi na famasia, rudia hatua hii mara mbili. Ukirudi, baraza la taaluma yako litakupima kabla ya kukusajili, na aliyeingia kwenye udaktari nje akiwa na alama ambazo zisingemwingiza kozi hiyo hapa nchini anajitafutia shida ya miaka sita. Hapa mzazi akikubembeleza, "wewe nenda tu, utajua mbele," mwombe akae usome naye masharti ya TCU pamoja.

Kuhusu mawakala: wapo wa halali, na TCU inawasajili. Mwombe cheti cha usajili, kisha kihakiki TCU wenyewe, si kwa picha aliyokutumia WhatsApp. Hata akiwa halali, barua pepe na nywila zibaki zako. Wakala aliyefungua akaunti kwa barua pepe yake ndiye anayeijua ofa yako kabla yako, na ndiye atakayekupangia bei ya kukuonyesha.

6. Uthibitisho wa Kiingereza

Sekondari yetu inafundishwa kwa Kiingereza. Vyuo kadhaa hukubali barua ya mkuu wa shule inayoeleza lugha ya kufundishia, hasa India, China na Uturuki. Waandikie chuo uulize kabla hujalipia mtihani wowote.

Wakisema lazima mtihani, una njia mbili. IELTS au TOEFL: jiandikishe mtandaoni, kituo kiwe Dar, na uende na pasipoti. Au mtihani wa Duolingo unaoufanyia nyumbani kwa kompyuta, unaochukua kama saa moja na ni nafuu, ila hakikisha chuo chako kinaukubali. Matokeo ya mitihani hii hudumu miaka miwili, kwa hiyo usifanye mapema mno.

Ukichagua Duolingo, chumba ndicho mtihani wa kwanza. Mtu akipita nyuma yako, ukitazama pembeni mara kwa mara, au intaneti ikikatika, wanaweza kuyafuta matokeo. Omba chumba tulivu, kompyuta yenye betri nzima, na kifurushi kinachotosha kwenye simu ya pili. Watoto wa nyumba wapelekwe kwa shangazi.

7. Walimu na insha

Mwendee mwalimu anayekufahamu kwa kazi yako, hata kama si mwenye cheo kikubwa. Mpe mwezi mzima. Mwambie waziwazi: "Shikamoo mwalimu. Naomba barua ya kunipendekeza chuo fulani, kozi fulani, mwisho ni tarehe fulani," na umpe nakala ya matokeo yako na mambo matatu uliyoyafanya darasani kwake. Mifumo mingi itamtumia kiungo kwenye barua pepe yake. Mkumbushe atazame na kwenye folda ya takataka (spam). Uliza pia kama ana dalili ya kuhamishwa kituo, maana mwalimu akihamia Katavi katikati ya Januari barua yako inahama naye.

Insha sasa. Hapa ndipo ninapotaka uweke moyo, kwa sababu alama zako ni sawa na za maelfu, ila ulichokiona kwa macho yako hakiko kwa mwingine.

Usianze na "tangu nikiwa mdogo nilipenda kusaidia jamii yangu." Msomaji ameisoma sentensi hiyo asubuhi hiyo hiyo mara ishirini. Anza na kitu. Unaomba kilimo na umekulia Tandahimba? Eleza ubwiri unga unavyokausha maua ya mkorosho, namna mnavyopuliza salfa alfajiri, na swali ambalo hujapata jibu lake. Taja kwamba kituo cha utafiti wa korosho kipo hapo Naliendele, na kama umewahi kufika, umejifunza nini. Unaomba uhandisi na nyumbani ni Msimbati? Gesi ya Mnazi Bay iko mlangoni kwenu. Eleza unachotaka kukijua kuihusu. Unaomba jiolojia au makumbusho Ujerumani na unatoka Lindi? Mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru ilichimbwa kwenu kati ya 1909 na 1913, na leo imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin. Kijana wa Lindi anayeomba kwenda kusomea mambo hayo huko ana sababu ambayo mwombaji mwingine hana.

Andika mwenyewe. Insha zinazouzwa steshenari ni moja inayobadilishwa majina, na vyuo vinazitambua. Mpe mwalimu wa Kiingereza akurekebishie sarufi, lakini maneno yabaki yako, maana kwenye usaili utaulizwa juu yake.

8. Jaza fomu

Sisi tuna majina matatu, fomu zao zina sehemu mbili. Fungua pasipoti yako: jina lililo kwenye mstari wa jina la ukoo ndilo linaloandikwa kwenye sehemu ya jina la ukoo, yaliyobaki yote yanakwenda kwenye sehemu ya majina ya kwanza. Usifuate mazoea ya shule.

Alama ziandike kama NECTA walivyozitoa: A, B, C, na division. Usijitungie wastani wala kuigeuza division kuwa GPA. Kama mfumo unalazimisha namba, waandikie chuo uwaulize wanabadilishaje.

Skani kwa mashine. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono wako haitoshi. Hifadhi kila karatasi kama PDF yake, ipe jina linaloeleweka, na angalia ukubwa unaoruhusiwa. Nakala zinazotakiwa kuthibitishwa zigongwe muhuri na wakili au hakimu kabla ya kuskani. Vyuo vingine vinataka NECTA yenyewe ithibitishe matokeo yako. Hilo linaombwa na kulipiwa kwenye mfumo wa NECTA mtandaoni, na linachukua muda, lianze mapema.

Ukitumia kompyuta ya steshenari, kabla hujainuka: toka kwenye barua pepe, toka kwenye WhatsApp, futa mafaili yako, na futa hadi kwenye pipa la taka. Pasipoti yako iliyoachwa kwenye kompyuta ya watu wengi ni mkopo wa mtandaoni unaosubiri kuchukuliwa kwa jina lako.

Ukituma, subiri ujumbe wa kuthibitisha kupokewa. Usipokuja ndani ya siku moja, ingia tena uangalie. Mara nyingi ni hatua ya mwisho ambayo hukuibonyeza.

9. Ofa na visa

Ofa ya masharti si udahili kamili; soma wanachosubiri. Lipa chochote kwa akaunti ya benki yenye jina la chuo tu. Chuo hakilipwi kwa namba ya simu ya mtu.

Kwa visa, ubalozi unataka kujua nani atakulipia na pesa imetoka wapi. Wazazi wetu wengi wanalipwa kwa msimu: minada ya korosho inaanza Oktoba, fedha zinaingia kwa mkupuo kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na miezi mingine akaunti imekauka. Ofisa asiyejua korosho akiona milioni nane zimeingia siku moja anashuku ni za kuazima. Kwa hiyo tunza stakabadhi za ghala na karatasi za malipo za misimu kadhaa, omba barua ya chama chenu ikieleza mzee ni mwanachama na anauza kiasi gani, na weka maelezo mafupi ya Kiingereza juu yake. Fanya vivyo hivyo kwa ufuta na mbaazi. Pesa ikae benki: Uingereza, kwa mfano, wanataka kiasi chote kiwe kimelala kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Ikishuka hata siku moja, hesabu inaanza upya.

Kosa baya kuliko yote hapa ni kuazima fedha, kuziingiza, kuchapisha taarifa ya benki, kisha kuzirudisha. Inaonekana, na kunyimwa kwa udanganyifu kunakufuata hadi kwenye balozi nyingine.

Alama za vidole, usaili, na vipimo vya afya vingi vinafanyika Dar. Fika siku moja au mbili kabla, hasa masika. Chanjo ya homa ya manjano nayo uipange mapema, na kadi yake ikae ndani ya pasipoti.

Ukikwama

*Cheti cha NECTA kimepotea.* Anza na ripoti ya polisi ya upotevu siku hiyo hiyo, kisha fuata utaratibu wa NECTA wa waliopoteza vyeti. Wakati unasubiri, waeleze chuo na uulize kama uthibitisho wa matokeo kutoka NECTA utatosha kwa sasa.

*Nywila ya mfumo imesahaulika na laini ya zamani haipo.* Rudisha laini hiyo kwa mtandao wa simu ukiwa na NIDA. Ikishindikana, waandikie chuo kwa barua pepe uliyojisajilia. Usifungue akaunti ya pili, mifumo mingi hufuta zote mbili.

*Mwalimu hajatuma barua na zimebaki siku tatu.* Mfuate kwa miguu ukiwa na simu yako na kifurushi, mfanye pale pale. Kama amesafiri, badilisha mpendekezaji kwenye mfumo, usisubiri.

*Umepokea ofa ya chuo ambacho hukukiomba, wanataka "ada ya kuchakata."* Ni wezi. Usijibu, usitume picha ya pasipoti.

*Visa imekataliwa.* Soma barua ya kukataliwa neno kwa neno. Sababu ikiwa ni karatasi, irekebishe na uombe tena. Ukiomba tena na karatasi zile zile, jibu litakuwa lile lile.

*Ofa unayo, pesa haijatimia.* Usiinyamazie mpaka imalizike. Waandikie chuo kabla ya tarehe ya kuikubali, uombe kuahirisha kuanza hadi mwaka unaofuata. Taja namba yako ya maombi, kozi, sababu kwa sentensi mbili, na muhula unaotaka kuanza. Vyuo vingi vinaruhusu mara moja, isipokuwa kwenye ufadhili, ambao mara nyingi unalazimika kuuomba upya. Ukijibiwa ndiyo, omba barua mpya yenye tarehe mpya, kwa sababu ubalozi hautaikubali ile ya zamani.